Tripodi ya elfu nane kwenye gati: miguu iko sawa, kichwa ndo kasheshe

Nianze na jibu kwa wale wasiopenda kusoma mengi. Miguu ya hii tripodi (stendi ya miguu mitatu ya kusimamishia kamera) ni mizuri kuliko bei yake, kichwa chake ni cha kubahatisha, na kama wapanga kupiga picha za jioni na za usiku kwenye magati yetu ya hapa Mombasa basi nunua, ila weka akiba pembeni ya kichwa kingine huko mbele. Kama kazi yako ni ya maukumbini tu, kurekodi harusi na mikutano chini ya feni, usijisumbue, kuna za nusu ya hii bei zitakutosha kabisa.

Jina la kampuni sitalitaja na wala halingekusaidia, maana hizi ni zile tripodi za Kichina ambazo kila muagizaji anabandika stika yake, utaikuta ileile nyeusi yenye pete za rangi ya chungwa duka hili inaitwa hivi na duka la pili inaitwa vile, bei nayo inabadilika kulingana na stika. We angalia sifa zake tu: aluminiamu, miguu ya vipande vinne, vifungio vya kuzungusha, mguu mmoja unafunguka ukawa monopodi, kichwa cha gololi kinachogeuka pande zote, pleti (kile kibao cha kufungia kamera kichwani) ya mtindo wa Arca unaoingiliana na vichwa vingi, na kindoana kidogo chini ya nguzo ya kati. Ikisimama yote na nguzo imepandishwa inafika kimo changu na mimi si mfupi, ikikunjwa inaingia kwenye begi la mgongoni. Uzito ni kama kilo moja na nusu. Kwenye boksi wameandika inabeba kilo 10, na hayo maneno ya boksi ntayarudia hapo chini maana yana mambo yake.

Nimeichukua duka moja la vifaa vya kamera mjini, ukitoka Mapembeni ni mwendo mfupi tu wa miguu. (Zile pembe kubwa za ndovu za kutengenezwa za Moi Avenue nazo ni aluminiamu kama hujui, ziko pale tangu miaka ya 1950 na upepo wa chumvi haujazimaliza, kwa hivo mtu asikutishe ati aluminiamu haifai pwani. Yafaa, ila yataka matunzo.) Kijana aliyenihudumia aliniuliza swali moja kabla hajatoa kitu chochote kabatini, "Dada, wapigia wapi, ndani ama nje?" Hapo nkavuta kiti nikakaa. Wauzaji wengi wa mjini wanakuuliza una bajeti ya ngapi kisha wanakupa kitu cha bei hiyohiyo, sasa huyu alitaka kujua kazi kwanza. Nkamwambia nje, kwenye magati, upepo mwingi. Akaweka mbili mezani, ile nyepesi ya plastiki na hii, akasema, "Hii ya plastiki ni ya simu na TikTok. Kusi ikianza utaenda kuiokota Shimo la Tewa." Nlicheka lakini ana hoja, kusi yatoka kusini na Shimo la Tewa iko kaskazini, kijana hesabu zake ziko sawa.

Alianza na 9,500 tukapatana 8,000, nkalipa M-Pesa, na kabla ya kulipa alinifungulia boksi mwenyewe bila kununa. Hilo ni muhimu nyinyi, usinunue tripodi ndani ya boksi lililofungwa. Ivute miguu yote mpaka mwisho, funga, kisha ikandamize kwa mikono miwili kutoka juu kwa nguvu zako zote uone kama kuna mguu unateleza kuingia ndani. Halafu weka kamera yako mwenyewe na lenzi yako nzito kuliko zote, ilenge kwenye maandishi yoyote ya ukutani, kuza picha kwenye skrini, kaza kichwa, toa mkono, na uangalie yale maandishi yanashuka ama yanabaki. Mwenye duka akikataa hayo, aga vizuri uondoke zako. Hii yangu kwa lenzi ya kawaida ilikaa, kwa ile nzito ilishuka kidogo na nliiona palepale, na ndo maana nikapata nguvu ya kuteremsha bei.

Sasa twende kwenye gati.

Watu wengi wakisikia picha za bahari Mombasa akili inakimbilia Nyali bichi ama Bamburi, na pale ni pazuri kwa alfajiri tu, jua latoka baharini mbele yako. Magharibi linazama mgongoni kwako nyuma ya mahoteli na minazi, hupati kitu. Ukitaka jua linalozama juu ya maji inabidi uje ndani kwenye mkono wa bahari, usimame upande wa Nyali uangalie Mji wa Kale ng'ambo. Ngome ya Yesu inakaa kushoto kwako pale mlangoni, Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 na kwa jioni ile rangi ya kuta zake inageuka kila dakika, kisha nyumba za Mji wa Kale zinashuka mpaka majini, taa zinawashwa moja moja. Kuna gati pale la mbao la watu binafsi ambalo nliruhusiwa kuingia, sehemu ya kwanza imesimama juu ya nguzo, na mwisho wake kuna kipande kinachoelea cha kufungia boti. Hizo sehemu mbili kwa mpiga picha ni dunia mbili tofauti.

Kwa nini kipande kinaelea? Kwa sababu wakati wa bamvua, zile siku za maji makubwa, maji hapa Mombasa yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu kati ya kujaa na kupwa. Gati likiwa limesimama tu, saa nyingine mtu ashuka kwenye boti kwa ngazi ndefu, saa nyingine boti iko sawa na miguu yake. Sasa kile kipande kinapanda na kushuka na maji, abiria wanafurahi, na mwenye tripodi analia. Hata siku ya maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, hata kukiwa shwari kabisa, kinapumua. Ukiacha shata (kile kilango cha mwanga cha kamera) wazi sekunde 30 ukiwa juu yake, kile cha ajabu ni kwamba mbao na kamba zilizo kwenye kipande chenyewe zinatoka kali kabisa, kila uzi waonekana, maana nazo zinacheza pamoja na kamera, halafu Mji wa Kale wote ng'ambo unatoka umechoreka mistari na kila taa imekuwa mnyoo. Mtu akiona hivo analaumu tripodi. Tripodi haina kosa hapo, imeshika vizuri sana kitu kisichotulia. Uweke ya laki moja utapata mnyoo uleule.

Watu wa Mombasa haya tungepaswa kuyajua kuliko wengine jamani, daraja la zamani la Nyali lilikuwa la kuelea mpaka hili la sasa lilipofunguliwa 1980, na 2021 likaja lile la kuelea la waenda kwa miguu la Liwatoni, ukilipita na watu wengi ulilisikia chini ya nyayo. Kwa hivo kama sharti usimame kwenye kipande cha kuelea, kwa mfano bibi harusi ataka picha na boti nyuma yake, sahau mambo ya sekunde 30, pandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga), piga kwa sehemu ya 60 ya sekunde ama haraka zaidi, na tripodi itakusaidia tu kushikilia kamera wakati wewe wamrekebisha mtandio wake.

Kwenye sehemu ya nguzo ndo hii tripodi ilinionyesha thamani yake. Lakini napo kuna ujanja. Usiiweke popote tu. Angalia mistari ya misumari kwenye mbao, pale misumari ilipopangwa msitari mmoja kukata gati, chini yake kuna boriti. Weka miguu yote mitatu juu ya boriti ama karibu nayo kadiri iwezekanavyo, usiiweke katikati ya ubao ambapo chini ni hewa tupu, maana ule ubao unapinda kidogo kila mtu akipita na kamera yako inapinda nao. Vikanyagio vya mpira vya hii tripodi ni vipana na vinashika mbao hata zikiwa na unyevu, hilo nalisifu. Ina na vile vichuma vya ncha vya kutoa kwa ndani ukizungusha, kwenye mchanga vinafaa, kwenye gati la mtu usivitoe, utamtoboa mbao na utamtoboa na roho.

Filta yangu ni ile nyeusi ya stopu 10, inakata mwanga mara elfu moja na kidogo, yani picha ambayo ingetaka sehemu ya 30 ya sekunde sasa yataka sekunde 34 hivi. Nlianza jua likiwa bado liko juu ya mapaa, nikalenga kwanza bila filta, nikazima otofokasi, nikazima na ile stebilaiza ya lenzi, ile ya kutuliza mtikisiko wa mkono, maana juu ya tripodi inatafuta mtikisiko usiokuwepo na kuutengeneza yenyewe, nikaweka taima ya sekunde 2 ili kidole changu kisiitikise, ndipo nkafunga filta. Picha ya kwanza iliyotoka, wallahi, nliikuza mpaka mwisho nikahesabu nondo za dirisha ng'ambo. Maji yamelala kama tui zito la nazi, nguzo za gati zimesimama ndani yake na chaza wake wote wamegandia. Kwa miguu ya bei hii sikutarajia.

Kulikuwa na mzee anavua kwa mshipi pale karibu na ngazi, muda wote alikuwa aniangalia kwa pembe ya jicho. Mwisho akauliza, "Mwanangu, mwapima nini tena hapa?"

"Shikamoo baba. Sipimi kitu, napiga picha tu."

"Marahaba. Picha na miguu mitatu?"

Na simlaumu hata kidogo. Pwani hii mtu akiona miguu mitatu imesimama karibu na maji anajua ni mpima ardhi, na mpima ardhi akija, mwaka unaofuata kuna ukuta. Basi nkamwita aone skrini. Akaangalia sana, akaikaribisha usoni, kisha akauliza, "Na mashua yangu umeipeleka wapi?" Mashua yake ilikuwa imetia nanga mbele yetu kabisa, mwaiona kwa macho, lakini kwenye picha pale palikuwa na ukungu mweupe tu wenye umbo la kitu. Nkamwelezea kwamba kwa sekunde 34 mashua ilicheza huku na huku na kamera ikachora kote ilikopita, haikuichora mahali pamoja. Akasema, "Basi hiyo kamera yako haijui kazi, mimi naiona." Nkatoa filta, nikampigia moja ya haraka, mashua yake ikatoka na jina lake ubavuni, akaridhika, akataka nimtumie mwanawe kwa WhatsApp. Na ujue ndo utaratibu wa kufuata: piga mbili bila kugusa tripodi, moja ndefu ya maji na moja fupi ya vyombo, ukifika nyumbani ziunganishe. Ili ziungane vizuri tripodi isisogee hata unywele kati ya ya kwanza na ya pili, na miguu hii haikusogea. Filta nliifungua kwa mkono, ukifungua kwa pupa kichwa kinageuka. Kwa utaratibu.

Haya, kichwa.

Kwa lenzi fupi ya kawaida kichwa hiki hakina neno. Siku nyingine nilienda Mama Ngina pale watu wapaita Lighthouse, kupiga meli zinazoingia mlango wa Kilindini, zinapita karibu mpaka wasoma jina bila darubini, nikafunga lenzi yangu ndefu ya 70-200 ya kuvuta vitu vya mbali ambayo peke yake ni kama kilo moja na nusu. Hapo kichwa kikaonyesha tabia. Walenga meli, wakaza kile kitufe kikubwa mpaka vidole vinauma, waachia, na picha yote inashuka taratibu, mlingoti uliokuwa katikati sasa uko juu. Wajifunza kulenga juu kidogo ili ikishuka ifike unapotaka, ndo nlivofanya jioni yote, lakini hiyo ni kazi ya kukisia na meli haikusubiri. Kamera na lenzi pamoja hazifiki hata kilo tatu. Sasa zile kilo 10 za boksi zilipimwa na nani, na zilipimwa vipi? Nnavyoona mimi wamepima miguu imesimama wima na mzigo umekaa katikati, na hapo nakubali, hata kumi na tano ingebeba. Lakini lenzi ndefu inaning'inia mbele, uzito wake wavuta kwa pembeni, na gololi ya bei rahisi haishiki. Ukinunua tripodi yoyote ya bei hizi chukua hesabu ya boksi uigawe kwa nne, hapo ndo ukweli ulipo.

Tena kile kitufe kidogo cha kuzungushia panorama hakikazi sawasawa, kinalegea kama milimita moja hivi. Kwa picha moja moja huuoni. Kwa kuunganisha picha tano za Mji wa Kale kuwa moja ndefu utauona.

Upepo je? Kusi ilikuwa imechangamka ile jioni ya Lighthouse. Nguzo ya kati usiipandishe, ukiipandisha umegeuza tripodi kuwa mguu mmoja uliosimama juu ya mitatu. Bila nguzo mimi nainama kidogo, mgongo unaniuma, picha inatoka. Na kile kindoana cha chini, wengi watakwambia ning'iniza begi lako upate uzito. Kweli, lakini begi likining'inia hewani upepo unalipiga na linaanza kuyumba, na tripodi inayumba nalo. Refusha kamba mpaka begi liguse chini kidogo, uzito uvute lakini lisiweze kwenda popote. Hapo inakaa.

Jambo moja ambalo kwenye video za wazungu hutalisikia: buibui. Mimi navaa buibui na kazi zangu nyingi ni harusi za wanawake, usiku wa kupamba na mambo hayo ambayo mpiga picha mwanamume haingii, na tripodi yangu ya zamani ilikuwa na vile vifungio vya kubana vinavyochomoza kwa nje. Ukipita karibu upepo wakurushia nguo, pindo linanasa kwenye kifungio, wavuta, kifungio kinafunguka, mguu unaingia ndani na kamera inakuja chini na wewe. Hivi vya kuzungusha havina kitu cha kunasa, ni laini duara, buibui lateleza tu. Kwa hilo peke yake nisingerudi kwenye vile vya zamani hata unipe bure. Dada zangu mnaopiga picha, zingatieni hilo kuliko kilo za kwenye boksi. Ubaya wa kuzungusha ni kwamba ukiwa na haraka huwezi kujua kwa macho kipi kimekaza na kipi bado, sharti ushike kimoja kimoja, na vipo tisa, vitatu kila mguu, na kimoja kikisahauliwa ndo hichohicho kitakachoteleza.

Mchanga na chumvi sasa, maana hapa ndo tripodi nyingi za Mombasa zinafia. Ukiingia nayo majini, kwa mfano chini ya gati wakati wa kupwa kupata nguzo kwa chini, ambapo picha ni tamu sana kwa kweli, vuta kipande cha chini kabisa kwanza, kile chembamba, mpaka mwisho. Najua kwa kawaida twaanza na kile kinene cha juu. Lakini majini ukianza na cha chini, vifungio vyote vinabaki juu ya maji na chumvi haiingii ndani ya nyuzi zake za kuzungushia. Na usikae sana, wimbi likirudi lafukua mchanga chini ya miguu na tripodi inazama kidogo kidogo bila wewe kuona, ikandamize kwanza mpaka ikatae kushuka ndipo uanze. Na uangalie jedwali la maji kabla hujatoka nyumbani, kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hivo kama jumamosi hii kupwa kumegongana na magharibi, jumamosi ijayo saa hiyohiyo utakuta yamejaa.

Ukirudi, ioshe usiku huohuo kwa maji tamu. Nasema maji tamu makusudi, maana nusu ya mji huu yanayotoka bombani nyumbani ni ya kisima na yana chumvi, chai ukipikia waisikia. Mtu aosha tripodi kwa maji ya kisima afikiri ameitoa chumvi, kumbe ameiongezea. Yale matamu yanayoletwa mjini kutoka Mzima na Baricho yakija bombani kinga ndoo, yasipokuja nunua mtungi mmoja kwa mwenye mkokoteni, mtungi mmoja watosha miguu yote mitatu na vikombe vya chai juu. Fungua kila kifungio mpaka mguu utoke wote, kuna vile vipande viwili vyeupe vya plastiki kama magamba ndani, usivipoteze na ukumbuke vilivokaa, suuza, kausha kivulini, paka grisi kidogo sana kwenye nyuzi. Mara ya kwanza inachosha, ukizoea waifanya ukitazama tamthilia. Mpaka sasa miguu yangu haina hata doa jeupe, isipokuwa skurubu moja pale bega linapoungana na mguu imeanza kutu, hiyo ni chuma cha kawaida hawakuweka stenlesi, nimeipaka mafuta na ntaibadilisha.

Ruhusa nigusie kidogo. Kamera mkononi hakuna anayekujali mji huu, fungua miguu mitatu tu utaona askari anakuja. Omba kwanza, mara nyingi wanakubali, yule wa gati alinijibu "Madam, piga tu, ila usinitoe mimi," na nikamheshimu. Kwenye feri ya Likoni, bandarini na upande wa wanajeshi kule Mtongwe usijaribu hata kwa utani, yale ni maeneo ya ulinzi, watachukua kamera na siku yako itaishia kuandika maelezo.

Wenye simu msijione mmeachwa, kwenye boksi kuna kishikio cha simu, ni cha plastiki lakini kinabana vizuri na simu nyingi za sasa zina modi ya usiku inayotaka utulivu wa sekunde kadhaa. Mpwa wangu aliiweka simu yake palepale nilipotoka mimi, taa za ng'ambo zikatoka safi, ananisumbua mpaka leo nimwazime.

Kuhusu mwanga wenyewe, jipange mapema maana sisi tuko karibu na ikweta na jua likizama halikusubiri, lazama kuanzia saa 12 na dakika kumi hivi mpaka saa 1 kasorobo kutegemea mwezi, halafu ile rangi ya buluu iliyokolea unayoitaka unayo kama dakika ishirini tu. Picha moja ni sekunde 30, na kamera nyingi zinachukua sekunde 30 nyingine kusafisha chembechembe kama hukuzima hiyo kazi, fanya hesabu utapata picha ngapi. Ndo maana tripodi inayofunguka haraka na kukaa mara moja ina maana kwangu kuliko tripodi nzuri inayonichelewesha.

Kwa hivo mimi naibakiza. Skurubu inayoshika kichwa kwenye miguu ni ile ya kawaida ya inchi 3/8, kichwa chochote kizuri kitaingia bila fundi, na pleti ni Arca kwa hivo ya sasa haitapotea bure. Nimeshaulizia palepale dukani, kichwa kinachoshika lenzi nzito bila kushuka chaanzia kama 6,000, ukijumlisha umefika elfu kumi na nne, bado hujafika bei ya zile za kaboni. Ukiwa huna lenzi ndefu usihangaike, tumia kilichokuja nacho.

Mfuko wake wa kubebea ndo kitu cha hovyo kuliko vyote, zipu ni ya chuma na imekwama kwa chumvi hata kabla sijaizoea, nimempelekea fundi cherehani aweke ya plastiki, shilingi 150.